Behewa la Sita

Baba yangu alikuwa mtu wa pointi, stesheni ya Tabora,
miaka ishirini na sita akivuta wenzo:
hii iende Kigoma, hii ipande Mwanza,
hili behewa la chumvi ya Uvinza lingoje pembeni.
Grisi haikutoka kuchani mwake;
hata waliomwosha maiti walishindwa.

Mimi nikaenda kusomea maabara.
Mwalimu alipochora ubaoni safari ya glukosi
wenzangu waliona majina marefu ya kukariri.
Mimi niliona yadi.

Glukosi huingia na mabehewa sita ya kaboni.
Nyingi hushika reli kuu, hadi tanurini,
zichomwe, mtu apate nguvu za kulima na kugombana.
Lakini lipo tawi.
Kimeng'enya husimama penye pointi, huvuta wenzo,
behewa moja hukatwa, likatoka puani kama pumzi.
Matano yanayobaki
hujenga herufi za urithi wetu,
na yasipohitajika huungwa upya, yakarudi reli kuu
kana kwamba hayakuwahi kukata kona.
Na tawi lina shehena yake nyingine: wapiga msasa,
watu wa zamu ya usiku,
wanaokwangua kutu kabla haijala ukuta wa chembe.

Kwenye mtihani nilichora mpaka taa za ishara.
Nilipewa nusu ya alama.

Jumanne moja ya masika, saa nne usiku,
Nyamizi wa Ipuli alimleta Mihayo mgongoni,
miaka saba, macho ya manjano kama nta mpya,
na mkojo kwenye kichupa
mweusi, chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Jirani alikuwa na primakwini zilizobaki.
Siku tatu tu, alisema Nyamizi, na nia njema.

Kwenye hadubini: chembe zimeng'atwa pembeni,
chapati zilizopitiwa na panya.
Chembe nyekundu haina tanuru;
wapiga msasa wake hushuka kwa tawi lile, basi.
Na mtu wa pointi ndani ya Mihayo
alizaliwa mkono dhaifu.
Siku za kawaida huvuta, taratibu, hakuna anayejua.
Dawa ile ilileta kutu treni nzima.
Wenzo ukakataa.

Nilimchorea mama yake nyuma ya karatasi ya majibu.
Akaitazama sana. "Imetoka kwangu?"
Muuguzi akajifanya anatafuta plasta.
"Imepita kwako," nikasema, "kama treni inavyopita stesheni."
"Na stesheni haiumwi?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia lile nililokuwa nalo:
kwamba kijidudu cha malaria nacho
hupata taabu kukaa kwenye nyumba yenye kutu,
kwamba udhaifu huu pengine uliwavusha babu zake.
Akacheka kidogo, bila meno.
"Malaria ilishindwa. Vidonge vimeweza."

Tukamwongezea damu hadi alfajiri.
Kwenye kadi nikaandika kwa wino mwekundu
dawa asizopewa, nikazipigia mstari,
nikapiga wa pili.

Asubuhi Mihayo aliomba biskuti na ile karatasi.
Akafuata reli kwa kidole, akafika kwenye tawi,
akasimama.
"Hili lililokatwa linakwenda wapi?"

Nikashika kiganja chake,
nikakipulizia.