Nafasi ya Kidole

Wiki ya kwanza Mwalimu Chilewa hakutuwashia kompyuta.
Alitugawia rula, penseli, karatasi tupu,
akasema: choreni kitu ambacho msomaji hatakiona.
Tukachora pambizo.
Malogo, nyuma yangu, akacheka kwa pua:
ada ya muhula mzima, kumbe tunanunua ukingo.

Mimi sikucheka. Nimekulia Mpunguzi, kwenye zabibu.
Najua nguzo husimikwa kabla ya mche,
waya hukazwa kabla ya tawi kuutafuta,
na kati ya mstari na mstari unaacha njia
ya mtu na toroli lake,
hata jirani akikwambia unapoteza ardhi.

Nikajifunza kwamba herufi nyingine huvaa visigino
na nyingine hutembea pekupeku;
kwamba A na V zikikaa jirani huacha upenyo
ambao upepo wa Dodoma ungepita humo na vumbi lake lote;
kwamba o lazima ichungulie kidogo chini ya mstari
ndipo ionekane imekaa juu yake.
Jicho halibishiwi, alisema Mwalimu,
jicho hudanganywa kwa adabu.

Kompyuta zetu hazikuzaliwa huku.
Ziliikata nyumba, zikaandika *nyum*, zikashusha *ba*.
Mtoto gani wa darasa la kwanza amewahi kusema *nyum*?
Nyu-mba, nikarudisha kwa mkono. Nyu-mba.
Na ritifaa ya ng'ombe zikaifanya msumari, wima,
mahali palipotaka pembe.
Nimechunga. Sikuweza kuiacha hivyo.

Mwezi wa tatu tukafika kwa mjane:
mstari wa mwisho wa aya, mfupi,
umevuka peke yake juu ya ukurasa mpya,
wenzake wote wamebaki ng'ambo.
"Msimwache hapo," akasema Mwalimu.
"Ama mrudisheni, ama mpeni mwenzake."
Darasa zima likaandika.
Mimi nikatazama dirishani,
malori yakishika njia ya Iringa, njia ya kwetu.

Kazi ya muhula: kijitabu cha kupogoa zabibu.
Pointi kumi, safu mbili, kurasa nane,
kijivu cha maandishi kimetulia kama uji uliokorogwa vizuri.
Nikapata sabini na nane.
Jumamosi nikampelekea mama.

Mama alianza kisomo baada ya msiba wa baba,
ana miaka hamsini na miwili.
Husoma kwa kidole.
Kidole kile, kilichochanwa na mkasi na waya,
kikatua juu ya safu yangu nzuri
kikafunika mistari mitatu kwa mpigo.
"Acha macho mawili," akasoma, polepole,
akateleza, akaangukia mstari wa chini,
"uyachome moto nje ya shamba."
Akainua uso. "Tuyachome macho?"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia.
Halafu nikamwomba mkono wake.
Nikapima ncha, si unene, kwa rula ya chuo:
milimita nane na kitu.
Pointi ishirini na nne.

Safu mbili zikawa moja. Kurasa nane zikawa kumi na sita.
Jumatatu Mwalimu akafunua, akafunua tena.
"Nani amekufundisha ishirini na nne?"
Nikasema, nimepima kidole.
Akaweka chake kwenye ukurasa, akakiburuta
mpaka mwisho wa mstari, akarudi, akashuka.
Hakupotea.
"Pambizo ya ndani bado nyembamba," akasema,
"bana itameza herufi."
Hiyo tu. Akaenda kwa Malogo.

Usiku ule nikapanua pambizo, maneno yakasogea,
na ukurasa wa kumi na moja nikamkuta:
mstari mmoja, maneno mawili, juu, peke yake.
Nikaisoma aya yake upya.
Nikafuta maneno manne niliyoyapenda sana
ili apate pa kukaa.