Mfuniko, Elfu Nne

Andika, afande: jina langu Stumai.
Kwao naitwa Dada,
hata bibi wa miaka themanini huniita Dada.
Na usiandike nilitoka mkoa. Mimi wa Mbagala, Kizuiani,
sijapotea popote.

Chumba changu kiko nyuma ya jiko:
godoro, ndoo, pasi mbovu mbili, gunia la mkaa.
Komeo hakuna. Palipokuwa na komeo pana matundu manne ya misumari,
nimeyahesabu kwa kidole, gizani.
Niliomba komeo mwezi wa kwanza.
Mama akacheka: "Unamfungia nani? Humu sote ndugu."

Basi kila usiku, vyombo vikishakauka,
nilipanga sufuria nyuma ya mlango,
kubwa chini, ndogo juu, mfuniko kileleni,
nikalala sikio moja kwenye mto,
moja kwenye bati.

(Kuna usiku wa kabla ya sufuria.
Huo nitausema akirudi yule afande mwanamke.)

Tarehe tisa umeme ulikatika.
Feni ikanyamaza,
sufuria zikasema.

Tabata yote ilisikia, afande.
Mbwa wa jirani alisikia. Mlinzi alikohoa getini.
Mama akatoka na tochi,
akammulika mumewe, singlendi, pekupeku,
akanimulika mimi,
akamulika sakafu, akainama,
akaokota mfuniko.

"Umepinda," alisema.

Asubuhi nilipika uji.
Baba aliomba sukari, macho kwenye simu.

Hili hapa daftari. Ni lao, si langu.
Mshahara elfu sitini, ambao tangu Novemba sijaushika,
na chini yake makato:
glasi, elfu mbili.
Shati lililoungua kola, kumi na tano.
Homa, siku tatu, elfu sita.
Na hapa, wino wa bluu,
mwandiko wa mama, mzuri, wa ubao wa darasani:
Mfuniko, umeangushwa usiku wa tarehe 9, mlango wa Dada. Elfu nne.

Umeniuliza shahidi wangu nani.
Ni huyo hapo. Ameandika mwenyewe, akapiga mstari chini
kwa rula.

Nakili kama lilivyo, afande.
Usiliruke neno "usiku".
Hilo nimelilipia.