Mwaka kwenye Pembe ya Kioo

Kaunas, Februari, mto Nemunas umeganda nusu,
basi la umeme linakwaruza nyaya nje ya dirisha
na mimi nina vioo viwili, chai iliyopoa,
na hadubini inayoyajua macho yangu kuliko mume wangu.

Kioo hakina uso.
Kina namba, na pembeni, kwa mwandiko wa Daiva wa mapokezi,
mwaka wa kuzaliwa.
1949.
1991.

Naanza na wa zamani.
Bronė; jina nimelisoma kwenye fomu.
Uvimbe aliugusa akioga, mwezi wa kumi na mbili,
akaunyamazia mpaka sikukuu zipite,
ili samaki wa mkesha asikolee chumvi ya machozi.
Seli zake bado zina adabu. Zinagawanyika
kama mtu apandaye ngazi akipumzika kila ghorofa.
Zinaitika homoni. Kidonge kimoja kwa siku, miaka kadhaa,
na huenda maradhi yakachoka kabla yake,
au moyo wake wenye presha ukavitangulia vyote.

Kisha 1991.
Naongeza mwanga.
Hapa hakuna ngazi, hapa ni soko lililoshika moto:
kila seli inasukuma nyingine, inagawanyika imesimama,
viini vyake vikubwa, vyeusi,
macho ya mtu aliyeamshwa na kishindo usiku.
Vipokezi vitatu. Nimevipima mara mbili.
Hapana. Hapana. Hapana.
Daraja la tatu, naandika polepole,
kana kwamba kuchelewa kwa kalamu ni huruma.

Austėja, mwalimu wa kuogelea,
mama wa mtoto wa miezi kumi na minne.
Daktari wa kwanza alimwambia ni maziwa.
Wa pili akacheka kidogo: binti, wewe mdogo mno kwa hayo.
Miezi saba neno *mdogo* lilimfunika kama blanketi
na chini ya blanketi kitu kikanenepa.

Ujana ni moshi, tunaambiwa, ukienda haurudi.
Hakuna aliyeuliza
huo moshi unafuka kutoka moto gani.

Alhamisi tuko saba mezani.
Kwa Austėja kila mtu ana silaha:
tibakemikali kwanza, kisha kisu, kisha mionzi,
na mayai yake yawekwe barafuni, haraka, kabla ya dozi ya kwanza.
Ikafika zamu ya Bronė. Kijana wa upasuaji akatazama saa.
Sabini na tano, akasema, tusimsumbue bibi wa watu.
Tusimsumbue!
Nikamwambia lifti imekufa tangu Jumatatu
na bibi wa watu amepanda ghorofa nne kwa miguu.
Wakacheka. Lakini katibu akaandika: *aulizwe mwenyewe*.
Mmoja umri ulimchelewesha mlangoni,
mwingine ulitaka kumtolea nje kwa heshima.

Siwezi kuapa kwa mwaka wa mtu.
Nimeona wa miaka ishirini na tisa wakirudi na mvi,
nimeona wa themanini wakikatwa kama mshumaa.
Najua tu mizani inaelemea wapi, mara nyingi,
na *mara nyingi* si jina la mtu yeyote.

Jioni nikashuka kutafuta kahawa.
Mbele ya mashine mwanamke mzee anahangaika na sarafu,
mwanamke kijana, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
anamwonyesha tundu la kutumbukiza.
Sikuuliza majina.
Kioo hakina uso, na mimi sina desturi ya nyuso.

Mwaka wangu ni 1976.
Barua ya kuitwa kupimwa iko chini ya sumaku ya friji,
wiki ya sita sasa, nyuma ya ratiba ya taka.
Barua hiyo kwa Austėja ilikuwa bado,
kwa Bronė si tena.
Kwangu imefika, imekunjwa vizuri, ina namba ya simu.

Nikapiga nikiwa bado nimevaa koti.
Ikaita. Sauti ya mashine ikaniambia
mimi ni wa kumi na moja kwenye foleni.

Nikavuta kiti.