Sufuria Bila Chumvi

Aliletwa ndani ya kofia ya sufu, siku ya mvua
(na hapa Tukuyu, nikisema siku ya mvua sijataja siku).
Ipyana wa jirani alimtoa kifuani kama mtu anayelipa deni:
"Babu, mama yake kagongwa na lori la chai.
Wenzake wamechukuliwa. Kabaki huyu mwenye tumbo."

Mwenye tumbo!
Kana kwamba sisi wengine tunatembea bila.

Nikampa maziwa. Ningempa nini kingine?
Miaka kumi na tisa nilisimama kituo cha maziwa
nikichovya kipimo, nikinusa ndoo, nikikataa yaliyotiwa maji;
kwa ulimi tu nilijua ng'ombe wa nani kalishwa nini.
Akayalamba mpaka bakuli likang'aa.
Usiku akayarudisha yote, mlango wa mbele na wa nyuma,
juu ya mkeka, juu ya kandambili, juu ya ujuzi wangu.

Nikajaribu uji wa dona. Tumbo likawamba kama ngoma;
nikaligonga kwa kidole, likaitika.
Nikajaribu usipa wa Matema, chumvi ikamkimbiza mtaroni,
akanywa mvua, akatapika mvua.
Parachichi alijiokotea mwenyewe,
na hilo sitaki kulizungumzia.

Andongwisye akasema juu ya ua:
"Mbwa hachaguliwi chakula. Mbwa ndiye huchagua,
ale au afe."
Nikamtazama yule mdogo. Alikuwa anachagua.
Mbavu zilimtoka kama meno ya kitana.

Nikashuka mjini, duka la dawa za mifugo.
Mfuko wa chakula cha mbwa una picha ya mbwa
mwenye nywele zilizochanwa, kakaa kwenye majani kama waziri.
Bei niliisoma mara mbili, ya pili bila miwani.
Binti muuzaji, Subilaga, akaurudisha mwenyewe rafuni:
"Mzee, mchele unao? Upike mpaka upondeke.
Kuku wa kuchemsha. Bila ngozi, bila kitunguu, bila chumvi.
Boga, kijiko kimoja. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku.
Na ukitaka kumbadilishia, usimshtue."

Bila kitunguu, bila chumvi. Kidogo kidogo, mara nne.
Nilisimama pale, kofia mkononi.
Maneno hayo niliwahi kuyasikia, na hayakuwa ya mbwa.

Tupokigwe aliyasema jikoni, kanipa mgongo,
mwaka ule vidonda viliponitoboa tumbo.
Akanitengea sufuria yangu, ndogo, yenye sikio moja.
Nikanuna. Nikasema chakula hiki kina ladha ya karatasi.
Hakujibu. Kesho yake boga. Kesho kutwa ndizi za kupondwa,
naye kasimama mlangoni, ananitazama nikimeza,
kama mtu anayesoma barua kwa mbali.
Sikujua kwamba alikuwa anachagua.
Nilidhani chakula hutokea.

Sufuria ile niliikuta nyuma ya gunia la mkaa,
buibui kahamia.
Nimeiosha.

Sasa wali wa Kyela unachemka kwa ajili ya mbwa,
na Andongwisye hupita akivuta pumzi kwa makusudi:
"Nikizaliwa tena, nipewe mkia!"
Acha aseme.
Siku ya nne kinyesi kilishikana. Unisamehe, msomaji,
lakini nilikiinamia katika ukungu wa asubuhi
kama nilivyoinamia ndoo za maziwa, nikaridhika.
Daftari la zamani bado lina kurasa.
Penye safu ya lita naandika vijiko.

Ipyana anauliza jina lake nani.
Namwambia, subiri kwanza anenepe, jina lipate pa kushika.

Jioni tunakula, yeye chini, mimi kwenye kigoda,
chungu kimoja, sahani mbili.
Nanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi,
nadonoa kwa vidole viwili, kidogo tu,
kisha natazama mlangoni,
nairudisha.