Hatusemezani

Chuoni tulifundishwa kwamba jamii ina sura tatu:
ya mahali, wanaogawana ukuta na maji;
ya maslahi, waliofungwa na kazi au dhiki moja;
na ya tatu ile ya moyoni, mtu kujiona yumo.
Nikaziandika kwa wino wa kijani, nikafaulu mtihani,
nikapangiwa Ibra, na faili la kwanza likasema:
Thuwaiba binti Nassor, miaka sabini na minane,
mjane, magoti mabovu, anaishi peke yake.
Jamii: hakuna.

Alinipokea kwa Kiswahili cha Wete, cha zamani,
akaniuliza kwanza mama yangu ni nani,
kisha nimekula nini.
Nikatandaza karatasi juu ya busati.
"Tunachora, bibi. Duara la katikati ni wewe.
Mstari mnene, mtu mnayeshikana naye.
Nukta nukta, uhusiano umelegea.
Mstari wa miiba, ugomvi."
Akalitazama duara kama sahani iliyoletwa si yake.
"Mimi katikati? Nimekuwa feni ya darini?"
Akaiweka chupa ya kahawa juu ya jina lake.
"Anzia hapa."

Basi nikaanzia kwenye chupa.
Wanawe: mmoja Dubai, mmoja Sohar, simu za Ijumaa. Nukta nukta.
Rafiqul, kijana wa Kibangladeshi wa duka la pembeni,
humletea mkate, humfungia mtungi wa gesi. Mnene.
Wanawake wa soko la Jumatano, alikouza kofia alizodarizi
mpaka macho yakakataa;
bado humwekea kigoda chake, kitupu, hakikaliwi na mtu.
Hapo kalamu ikasita.
Mstari wa kigoda kitupu ni upi?

"Na jirani, huyo wa mlango wa buluu?"
Uso ukajifunga.
"Rayya? Hatusemezani. Mwaka wa kumi na moja huu.
Mndimu wangu, ukuta wake. Usiniulize."
Nikachora miiba, mizuri, iliyonyooka.
Nilikuwa naikunja karatasi aliponishika mkono.
"Ngoja. Mlango wake hulia ukifunguliwa.
Kila alfajiri nausikia. Mpaka ulie ndipo ninywe kahawa.
Siku ukichelewa namtuma Rafiqul agonge,
ajifanye ana mkate wa kuuza."
"Na yeye anajua?"
"Thubutu! Angeutia mafuta."

Ofisini msimamizi alizungushia wino mwekundu:
ugomvi na uangalizi havikai mstari mmoja. Chagua.
Nikaitia karatasi kwenye droo, nikaitika simu nyingine.

Mwezi wa Rajabu, mlango haukulia.
Rafiqul aligonga na mkate wake, akagonga tena,
akauruka ukuta ule ule wa kesi.
Rayya alikuwa chini, jikoni, nyonga imevunjika,
birika limeungua mpaka limekuwa jeusi.
Nilimkuta Bi Thuwaiba hospitalini, kwenye benchi la ukumbini,
magoti yake mabovu chini ya kanga,
kikapu cha ndimu miguuni.
Nesi wa Kerala ameshika fomu.
"Wewe ni nani wake?"
"Jirani."
"Mnaelewana?"
"Hatusemezani."
Nesi akanigeukia mimi, mtaalamu, nimfasirie.
Nikafungua mdomo. Sura zote tatu zilipita mbele yangu
na wino wao wa kijani,
hakuna hata moja iliyosimama.
"Andika jirani," nikasema.

Hawajasemezana mpaka leo.
Ila fundi aliyeletwa na wana wa Rayya
kutia mafuta bawaba za mlango wa buluu
alifukuzwa na Rayya mwenyewe, kwa mkongojo.

Mimi nakaa ghorofa ya tatu, karibu na barabara kuu.
Ng'ambo ya ukuta kuna mtu. Nakijua kikohozi chake,
jina lake silijui.
Zamani nilikuwa nikitoka kwa adabu, polepole,
kama mwizi aliyelelewa vizuri.
Siku hizi asubuhi naubamiza mlango.
Kidogo tu. Usikike.