Mpaka Kwenye Nukta

Shuleni kwetu Tutuo tundu la umeme ni moja,
ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nyuma ya vikombe vya michezo
(vikombe viwili, kimoja hakina mkono).
Tunapanga foleni na chaja zetu
kama wagonjwa na kadi zao.
Zamu yangu siku ile iliisha saa nne,
na saa nne nilikuwa Darasa la Sita, nafundisha sehemu,
kiasi juu, asili chini, mstari katikati.

Nikamtuma Mihayo.
Mtoto wa mrina asali, mwaminifu,
hushika cha mtu kwa mikono miwili.
"Kaichomoe, uniletee."
Hayo tu.
Sikuwaza kwamba kioo kingewaka chenyewe njiani,
baina ya mlingoti wa bendera na choo cha wasichana,
na maneno ya kaka yangu yakae wazi
kama zizi lililosahauliwa komeo:

Dada, wakweo wamekuja. Wanataka ng'ombe wao sita. Tuwajibu nini.

Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.
Darasa la Pili, kwa kidole, silabi kwa silabi,
nilimpigia makofi siku aliposoma "ng'ombe"
bila kukwama kwenye ng'.

Baada ya mapumziko nikaandika ubaoni:
sita gawanya kwa mbili.
Darasa likacheka.
Si kicheko cha utoto; kile cha chini,
cha mabega, cha viganja mdomoni.
Kabula wa dawati la mbele hakucheka,
akaangalia miguu yangu kwa huruma,
na hiyo huruma ndiyo iliyonieleza kila kitu.

Fimbo ilikuwa juu ya kabati.
Nilijua ilipo bila kugeuka.

Lakini simu ilikuwa mfukoni, ina moto wa chaji,
na ndani yake alikuwamo Mihayo:
mwezi Machi, amelala juu ya daftari, mdomo wazi,
shati limefungwa kwa mwiba mahali pa kifungo.
Nilimpiga picha mimi.
Nikaituma kwa walimu wenzangu, nikaandika,
"Mwanasayansi wetu akifanya utafiti."
Mwalimu Magohe alijibu kwa nyuso za kucheka,
kumi na moja, nilizihesabu.
Hakuna aliyeuliza usiku ule mtoto alikuwa wapi.
Alikuwa porini, ameshika mwenge wa moshi
baba yake akirina.

Nikamwita nje, kwenye kivuli cha tangi la maji.
"Ulisoma?"
"Nilisoma, mwalimu."
"Mpaka wapi?"
"Mpaka kwenye nukta."

Ningeweza kucheka. Koo lilikataa.
Nikamwonyesha picha yake.
Aliitazama muda mrefu, akagusa shati alilovaa,
lile lile, sasa lina kifungo cha rangi nyingine.
Nikaifuta mbele yake.
Akauliza, taratibu, kama anayeuliza swali la hesabu:
"Na zile za walimu wengine?"

Usiku mzazi hunipigia saa tano kuuliza daftari la mwanawe,
na bando la kutuma mahudhurio natoa kwenye mshahara wangu;
simu hii ni yangu, nimezoea kusema, yangu,
niacheni nayo.
Ni kweli, ni yangu.
Hata picha ile ilikuwa yangu.
Shati tu ndilo halikuwa langu.

Siku hizi naingia darasani nimeizima,
naiweka ndani ya kopo la chaki, nabana kifuniko.
Juzi nilisahau kuizima.
Ikanguruma humo ndani, kopo likatembea mezani,
vumbi jeupe likaruka,
macho sabini na mbili kwenye kopo,
kisha kwangu.
Mihayo peke yake aliinamia daftari,
akaendelea kuandika, au kujifanya anaandika.

Sikulifungua.
Nilijua ni kaka yangu.
Nilijua anauliza nini, na hadi leo sijamjibu.
Nikachukua chaki iliyokuwa sakafuni, fupi, nusu ya kidole,
nikasema, tuendelee.