Nusu ya Kikombe

Jumanne, Łódź. Theluji imegeuka tope.
Chumba cha ghorofa ya pili kinanuka rangi na supu ya kabichi.
Ziemowit, aliyeendesha tramu miaka thelathini na mmoja,
amefungwa aproni kama mtoto.

"Chora kikombe," anasema Jagna.
Anachora nusu.
Mdomo nusu, kisahani nusu, mvuke unapanda upande mmoja.
Anaweka brashi chini: "Tayari."

Kiharusi hakikumnyang'anya macho.
Kilimnyang'anya kushoto:
viazi vya kushoto hubaki sahanini,
shavu la kushoto hubaki na ndevu,
nami nikikaa kushoto, huwauliza wauguzi mkewe yuko wapi.

Nilijifunza kuhamisha kiti.

Jagna habishani. Anabandika utepe mwekundu
ukingoni mwa karatasi, kushoto kabisa.
"Tafuta kituo cha mwisho, dereva."
Anacheka. Anatafuta. Shingo inagoma, inalegea, inagoma tena.
Brashi inasota kama tramu kwenye barafu,
inadondosha buluu mezani, gotini, kiatuni.

Wiki ya tisa
mstari mmoja uliopinda ulivuka katikati.
Haukufanana na kishikio cha kikombe,
sikio la punda labda.
Jagna hakupiga makofi. Nilimshukuru kwa hilo.

Leo nimekaa kushoto, makusudi, hata kukohoa sikohoi.
Anachovya brashi. Anautafuta ule wekundu.
Anageuka, anageuka,
jasho limemtoka juu ya mdomo.
"Bogumiła," anasema,
"umekaa hapo tangu saa ngapi?"